Mizabibu iliyokataa kufutwa: mvinyo mwekundu wa Australia na umri usionakilika

Leo naomba tuache kwa muda mambo ya seva na hifadhidata, tuzungumzie mimea. Usifunge ukurasa kwanza. Hadithi hii ina mambo yote tunayoyajua sisi watu wa kompyuta: nakala za akiba, mdudu anayeangusha mfumo mzima (na safari hii ni mdudu kweli, mwenye miguu), mfumo wa zamani ambao wataalamu wanashauri uzimwe, na watu wachache wakaidi wanaokataa kuuzima. Tofauti ni kwamba hapa kitu kikishafutwa hakirudi.

Ninazungumzia mvinyo mwekundu wa Australia, hasa ule unaotokana na mizabibu mikongwe. Tuelewane mapema, kwa sababu wengi huchanganya mambo mawili. Mvinyo mkongwe ni ule uliokaa miaka mingi kwenye chupa. Mvinyo wa mizabibu mikongwe ni kitu kingine. Wenyewe unaweza kuwa wa mwaka 2021, lakini mmea uliozaa zabibu zake ulipandwa, kwa mfano, mwaka 1843. Ndiyo, umesoma sawasawa. Katika bonde la Barossa, jimbo la Australia Kusini, kuna shamba dogo liitwalo Freedom, la kiwanda cha Langmeil, lililopandwa zabibu aina ya Shiraz mwaka huo. Linaaminika kuwa mojawapo ya mashamba makongwe kabisa ya Shiraz duniani ambayo bado yanazaa, na pengine ndilo kongwe kuliko yote.

Ili upate picha ya umri huo: mwaka huohuo wa 1843, huko Uingereza, Ada Lovelace alichapisha maelezo yake juu ya mashine ya Charles Babbage, maelezo ambayo wengi huyahesabu kuwa na programu ya kwanza ya kompyuta. Mashine yenyewe haikukamilika hadi Babbage akafa. Mizabibu ya Freedom inavunwa hadi leo.

Swali langu ni hili: ilikuwaje mimea hiyo ikabaki Australia, nchi iliyoanza kulima zabibu juzijuzi, na isibaki kwa wingi Ufaransa ilikotoka? Na je, ukiionja, unaonja nini hasa?

Nakala zilizopanda meli

Kwanza tujue mzabibu unavyozaliwa. Hupandwa kama tunavyopanda muhogo. Unakata kipande cha tawi, unakichomeka ardhini, kinatoa mizizi. Wakulima hawatumii mbegu, kwa sababu mbegu ni mtoto wa wazazi wawili na huwezi kujua atatoka na tabia gani. Kipande cha tawi ni nakala ya mmea mama, jeni kwa jeni. Kwa hiyo mkulima wa zabibu alikuwa akifanya kazi ya kunakili karne nyingi kabla yetu.

Meli za kwanza za Waingereza zilizopeleka wafungwa Australia zilifika mwaka 1788 zikiwa na mizabibu iliyochukuliwa njiani, Rio de Janeiro na Rasi ya Tumaini Jema kule kusini mwa bara letu. Majaribio hayo ya mwanzo pale Sydney hayakufika mbali. Kazi kubwa ilifanywa na Mskoti mmoja, James Busby. Mwaka 1831 alizunguka Hispania na Ufaransa akikusanya vipande vya matawi ya mamia ya aina za zabibu, akavifunga vizuri na kuvisafirisha hadi Sydney, ambako vilipandwa kwenye bustani ya mimea ya serikali.

Hapa kuna somo la kwanza, na kila aliyewahi kupoteza diski atalielewa bila kufafanuliwa. Mkusanyiko ule wa Sydney haukutunzwa, ukafa. Kama ungekuwa nakala pekee, habari ingeishia hapo. Lakini matawi yalikuwa yamekwisha kupelekwa kwingine, Hunter Valley na Australia Kusini, na huko yakaendelea kuishi na kunakiliwa tena na tena.

Kati ya aina zilizoshika nchini humo, mfalme ni Shiraz. Sisi tunaozungumza Kiswahili tukisikia jina hilo tunafikiria Washirazi wa pwani na simulizi za mababu waliotoka Uajemi. Hata wapenzi wa mvinyo kwa muda mrefu walisimuliana kwamba zabibu hii ilitoka mji wa Shiraz kule Iran. Vipimo vya jeni vilivyotangazwa mwishoni mwa miaka ya 1990 vilimaliza ubishi. Wazazi wa Shiraz ni zabibu mbili za kusini-mashariki mwa Ufaransa, Dureza na Mondeuse Blanche. Wafaransa wenyewe huiita Syrah. Jina ni la Uajemi, nyumbani ni Ufaransa.

Wakimbizi wa dini katika bonde la Barossa

Waliopanda Barossa hawakuwa wafungwa, wala wengi wao hawakuwa Waingereza. Walikuwa Walutheri wanaosema Kijerumani kutoka Silesia, eneo lililokuwa chini ya Prussia wakati huo na ambalo leo kwa sehemu kubwa liko Poland. Mfalme Friedrich Wilhelm III alikuwa ameamuru makanisa ya Kiprotestanti yaungane na kufuata ibada moja. Waliokataa walisumbuliwa, na baadhi ya wachungaji wakafungwa. Kundi la kwanza lililoongozwa na mchungaji August Kavel lilifika Australia Kusini mwaka 1838, na mwaka 1842 familia za Kisilesia zikaanzisha kijiji cha Bethany, cha kwanza katika bonde lile. Mizabibu ya Freedom ilipandwa mwaka uliofuata na Christian Auricht, mmoja wa wakimbizi hao. Jina lake, ambalo maana yake ni uhuru, linakumbusha safari yao.

Haki itendeke pia kwa waliowatangulia. Ardhi ile ilikuwa ya jamii za Waaborijini, yaani Waperamangk, Wangadjuri na Wakaurna. Uhuru wa wakimbizi ulijengwa juu ya ardhi ambayo wenyewe hawakuulizwa.

Wasilesia walikuwa wakulima wa mashamba madogo, watu wa kubana matumizi, na shamba lilirithiwa ndani ya ukoo. Tabia hiyo itakuja kuwa muhimu baadaye. Katika milima ya Eden Valley iliyo jirani, mbele ya kanisa la Gnadenberg, kuna shamba liitwalo Hill of Grace, yaani Mlima wa Neema. Mizabibu yake ya kwanza ilipandwa yapata mwaka 1860, na familia ya Henschke huiita mababu. Mwaka 1958 Cyril Henschke alitengeneza mvinyo wa kwanza uliobeba jina la shamba lile peke yake, na leo ni miongoni mwa mvinyo ghali zaidi wa Australia.

Mdudu aliyeangusha Ulaya

Sasa tuje kwa mdudu. Anaitwa filoksera, ni mdogo kuliko punje ya ufuta, wa jamaa ya vidukari wanaokaa kwenye majani ya sukuma wiki. Kwao ni Amerika Kaskazini. Huko mizabibu ya mwituni iliishi naye kwa muda mrefu mno hata ikajenga kinga. Mzabibu wa Ulaya haukuwa na kinga hiyo. Mdudu hunyonya mizizi, mizizi huvimba, huingiwa na maradhi, huoza, na mmea hufa taratibu.

Alifika Ufaransa miaka ya 1860, akiwa amejificha kwenye miche iliyoagizwa kutoka Amerika. Mwaka 1868 mtaalamu wa mimea Jules-Émile Planchon na wenzake walichimba mizizi ya mizabibu iliyokuwa inakufa kusini mwa nchi wakamkuta. Kufikia mwisho wa karne ile sehemu kubwa ya mashamba ya Ufaransa ilikuwa imeteketea, na maradhi yalikuwa yamesambaa karibu Ulaya nzima.

Dawa iliyopatikana ilikuwa ya ujanja. Walichukua shina la mzabibu wa Amerika lenye mizizi yenye kinga, wakaunganisha juu yake tawi la mzabibu wa Ulaya lenye zabibu tamu, vilevile kama miche ya maembe na ovakado inavyounganishwa kwetu. Jeni za zabibu zikaokoka. Ila tazama kilichopotea: ili kuunganisha, ilibidi mizabibu ya zamani ing'olewe na kuanza upya. Kwa hiyo mizabibu mingi ya Ulaya leo inasimama juu ya mizizi ya Amerika, na umri wake umeanza kuhesabiwa baada ya janga. Data ilirudishwa, lakini saa ilianzia sifuri.

Australia nayo haikuepuka kabisa. Mwaka 1877 filoksera aligunduliwa karibu na Geelong, jimbo la Victoria, na serikali ikaamuru mizabibu ya eneo lile ing'olewe. Hata hivyo Victoria bado ina visiwa vya uzee. Mdudu huyu hapendi mchanga, kwa sababu hawezi kusafiri vizuri ndani yake. Katika kiwanda cha Tahbilk kuna kipande cha Shiraz kilichopandwa mwaka 1860 kwenye udongo wa kichanga, na kilisalimika wakati mizabibu ya jirani ilipokufa. Na kule Great Western, kwenye kiwanda cha Best's, kuna kitalu kilichopandwa mwaka 1868 chenye aina karibu 40, ambazo baadhi yake hazijatambuliwa hadi leo. Hebu fikiria jedwali lenye safu ya jina iliyo tupu, na hakuna mtu aliye hai wa kumuuliza.

Australia Kusini ilichukua njia ya ulinzi wa mpakani. Mwaka 1899 ilitunga sheria maalumu ya filoksera na kuunda bodi ya kuisimamia. Mizabibu, udongo na mitambo ya shambani haviingii jimboni bila ukaguzi. Hadi leo wageni wa mashamba huombwa wasitembee kiholela katikati ya mistari, na viatu vyao husafishwa kwa maji yenye klorini. Matokeo ni kwamba jimbo hilo halijawahi kuwa na filoksera. Ndiyo maana mzabibu wa 1843 ungali umesimama juu ya mizizi yake mwenyewe.

Wakati serikali ililipa watu wang'oe

Ungedhani baada ya kuponea chupuchupu hivyo, mizabibu ile ingetunzwa kama hazina. La hasha.

Kwa muda mrefu Australia haikuwa nchi ya mvinyo mwekundu wa kunywa na chakula. Hadi miaka ya 1950 mvinyo mwingi uliouzwa ulikuwa mtamu, ulioongezwa spiriti, wa mtindo wa port na sherry. Zabibu za mizabibu mikongwe, yaani Shiraz, Grenache na Mourvèdre ambayo wao huiita Mataro, ziliingia huko. Mwaka 1951 Max Schubert wa kampuni ya Penfolds, akiwa ametoka ziara ya Ulaya, alitengeneza kwa majaribio mvinyo mkavu wa Shiraz uliokusudiwa kukaa miaka mingi, akauita Grange. Wakubwa hawakuupenda, na mwaka 1957 wakamwamuru aache. Hakuacha. Aliutengeneza kwa siri miaka ya 1957, 1958 na 1959, mpaka mvinyo wake wa mwanzo ulipokomaa, watu wakabadili mawazo na amri ikaondolewa. Kila mhandisi aliyewahi kuendelea na mradi uliofutiwa bajeti atamwelewa Schubert.

Lakini Grange moja haiwezi kulisha bonde zima. Mwaka 1965 Thomas Angove wa Renmark aliandikisha hataza ya kuuza mvinyo ndani ya mfuko uliowekwa kwenye boksi. Ulikuwa uvumbuzi mzuri, na ulifanya mvinyo uwe rahisi. Miaka ya 1970 wanywaji wakahamia mvinyo mweupe. Zabibu nyekundu zikakosa soko, na mizabibu mikongwe, ambayo huzaa kidogo, ikawa ya kwanza kuonekana hasara.

Mwishoni mwa miaka ya 1970 kiwanda cha Saltram kiliamriwa na wamiliki wake kisinunue zabibu za wakulima. Meneja wake, Peter Lehmann, alikuwa amewapa wakulima neno lake, na katika Barossa neno na kupeana mkono vilikuwa mkataba. Alikataa kulivunja. Alitafuta washirika na fedha, akaondoka, na mwaka 1979 akaanzisha kampuni aliyoipa jina Masterson, kutokana na Sky Masterson, mcheza kamari wa hadithi za Damon Runyon. Jina lilikuwa sahihi, maana alikuwa anacheza kamari kwa zabibu ambazo hakuna aliyezitaka.

Katikati ya miaka ya 1980 hali ikawa mbaya zaidi. Serikali ilianzisha mpango wa kuwalipa wakulima wang'oe mizabibu yao. Kwa hesabu za wakati ule mpango ulikuwa na mantiki: zabibu ni nyingi, bei imeanguka, familia zina madeni, basi punguza. Hakuna aliyekuwa na nia mbaya. Ila jedwali walilotumia halikuwa na safu ya umri. Hekta ya mizabibu ya miaka 130 ilihesabiwa sawa na hekta iliyopandwa juzi, tena ikaonekana mbaya zaidi kwa sababu mavuno yake ni machache. Mashamba yaliyoponea meli, mdudu na vita mbili za dunia yaling'olewa na trekta kwa siku moja.

Waliobaki walibaki kwa sababu zisizoingia kwenye hesabu. Wengine walikuwa wazee wasiotaka kung'oa mkono wa babu. Wengine walipata mnunuzi. Robert O'Callaghan wa Rockford, kiwanda kilichoanza mwaka 1984, aliwalipa wakulima wa mizabibu mikongwe bei ya kuwawezesha kuendelea. Charlie Melton alichukua Grenache na Shiraz ambazo soko lilizidharau, akatengeneza mvinyo alioupa jina Nine Popes, yaani Mapapa Tisa, kwa utani juu ya jina la Kifaransa Châteauneuf-du-Pape, ambamo neno neuf linaweza kusomwa "mpya" au "tisa". Miaka ya 1990 dunia ikagundua mvinyo huo, na kile kilicholipiwa king'olewe kikaanza kupiganiwa.

Safu ya umri yaongezwa

Mwaka 2009 Barossa ikafanya jambo ambalo watu wa data tungependekeza tangu mwanzo: iliorodhesha mizabibu kwa umri na kuipa madaraja. Miaka 35 na zaidi ni mizabibu mikongwe. Miaka 70 na zaidi huitwa manusura. Miaka 100 na zaidi ni wa karne. Miaka 125 na zaidi ni wahenga. Tangu mwaka 2023 kuna pia rejista ya dunia nzima ya mizabibu mikongwe kwenye intaneti. Ilianza kama lahajedwali la kawaida kwenye tovuti ya mwandishi wa mvinyo Jancis Robinson. Usidharau lahajedwali. Kitu kisichoorodheshwa hufutwa bila mtu kujua kimefutwa.

Tahadhari moja kwa mnunuzi. Australia ina sheria kali ya lebo: ukiona aina ya zabibu, mwaka au eneo, angalau asilimia 85 ya mvinyo ule lazima ilingane na maneno hayo. Lakini maneno "Old Vine" peke yake hayana umri uliowekwa na sheria. Ni maandishi yanayoingizwa bila kuhakikiwa. Tafuta kitu unachoweza kukikagua: jina la shamba, mwaka wa kupandwa, au daraja la Barossa.

Je, kweli inaonjeka?

Tuseme ukweli bila ushabiki. Wanaoipenda mizabibu mikongwe husema huzaa vishada vichache, hivyo ladha hujikusanya, na kwamba mizizi yake mirefu huivusha katika ukame. Mingi hulimwa bila kumwagiliwa, na hilo peke yake ni jambo kubwa katika nchi kavu. Lakini wanasayansi hawajakubaliana kwamba umri wenyewe ndio unaoleta ladha. Kuna uwezekano mwingine ambao wasomaji wa takwimu watauona upesi. Mashamba mabaya yaling'olewa mapema, na tunayoyaonja leo ni yale yaliyokuwa na udongo mzuri na wenyewe wanaojali. Tunawaona walionusurika tu. Binafsi nadhani mambo yote mawili yana sehemu yake, na sioni kwamba hilo linapunguza thamani. Mchujo wa miaka 180 nao ni ubora.

Kama una miaka 18 na zaidi na unakunywa, jaribu mwenyewe. Chupa hizi ni ghali, kwa hiyo changieni. Chupa ya mililita 750 hutoa vionjo 15 vya mililita 50.

Kwanza ni joto. Mvinyo mwekundu huu hufaa kati ya nyuzi 16 na 18 za Selsiasi. Kwa Mombasa au Kisumu joto la chumbani halifai kabisa, kwa sababu pombe itapanda puani na kufunika kila kitu. Weka chupa kwenye friji nusu saa kabla. Na usidharau kizibo cha kuzungusha. Watengenezaji wa Clare Valley walikikumbatia kwa pamoja mwaka 2000 ili kuepuka harufu ya uvundo inayoletwa na baadhi ya vizibo vya gome.

Pili, tazama na unuse kabla ya kunywa. Mimina theluthi ya glasi, zungusha. Shiraz ya Barossa huwa nyeusi yenye zambarau pembeni, na harufu yake hukumbusha zambarau zilizoiva, forosadi, chokoleti na pilipili manga. Ile ya Victoria mara nyingine ina harufu ya mkaratusi. Grenache ni nyepesi zaidi kwa rangi, ina matunda mekundu na viungo kama karafuu. Mourvèdre ina harufu ya udongo, ngozi na nyama.

Tatu, onja. Uchachu utausikia mdomoni kama juisi ya ukwaju. Tanini zitakausha fizi kama chai ya rangi iliyochemshwa kupita kiasi. Katika mvinyo mzuri wa mizabibu mikongwe usitafute nguvu. Nguvu ni rahisi kupata, na pombe ya asilimia 14 au 15 si ajabu kule. Tafuta ulinganifu, yaani hakuna kitu kinachopiga kelele peke yake. Kisha meza au uteme, na uhesabu sekunde ambazo ladha inabaki mdomoni. Hapo ndipo mvinyo hizi hujitofautisha mara nyingi.

Nne, kwa wale wabishi kama mimi, fanyeni jaribio la upofu. Chukueni chupa mbili za Shiraz kutoka eneo moja na mwaka mmoja, moja ya mizabibu mikongwe, moja ya michanga. Mmoja wenu amimine glasi tatu, mbili za mvinyo mmoja na moja ya mwingine, na mwonjaji aitafute iliyo tofauti. Ukipatia mara moja usijisifu, bahati tupu ni 1 kati ya 3. Ukipatia mara 5 mfululizo, bahati ni 1 kati ya 243, na hapo tutakuamini. Wataalamu hutema kila kionjo, na sababu ni ya busara. Asiyetema asishike usukani.

Na usiyekunywa, kwa dini au kwa hiari, historia hii ni yako vilevile, kwa sababu haijaisha. Mwaka 2020 China, iliyokuwa soko kubwa la mvinyo wa Australia, ilianza kuutoza ushuru uliozidi asilimia 200 kwa baadhi ya kampuni. Ushuru uliondolewa Machi 2024, lakini matangi yalikuwa yamejaa mvinyo mwekundu usio na mnunuzi. Mwaka huohuo wa 2024 iliripotiwa kwamba mamilioni ya mizabibu yanang'olewa, hasa kwenye maeneo ya umwagiliaji kama Griffith. Mengi ya mashamba hayo si makongwe, na mkulima anayedaiwa na benki hana anasa ya kungoja miaka kumi. Simlaumu.

Ila tofauti na miaka ya 1980, safari hii safu ya umri ipo. Anayeng'oa anajua anachong'oa, na anayenunua anaweza kujua anachonunua. Tawi la mzabibu wa 1843 unaweza kulikata leo na kulipanda popote duniani, nalo litakuwa Shiraz ileile, jeni kwa jeni. Litafikisha umri wa mama yake likitunzwa vizazi sita au saba mfululizo, na katika kila kizazi awepo mtu wa kununua zabibu zake kwa bei inayomfaa mkulima.

Haya basi, tukijaliwa wiki ijayo tutarudi kwenye seva. Kwaherini.